Si mimi, ni masini

Jumapili iliyopita mpwa wangu alitamka maneno manne ambayo mpaka leo yamenikwama kooni kama mwiba wa samaki wa mto Lualaba.

Tulikuwa uani kwake, hapa Kasongo, Kongo, chini ya mwembe. Akina mama 22 wa likelemba, mchango wetu wa kupokea kwa zamu, walikuwa wamekaa juu ya mikeka na viti vya plastiki. Mimi nilikuwapo kama mzee wa nyumba, kazi yangu kunywa chai na kutikisa kichwa. Sanduku la pesa lilikuwa mapajani mwa Mama Prezidanti, na ndani yake franga 110,000, yaani 5,000 za kila mmoja. Zamu ilikuwa ya mama mmoja wa upande wa Kabambare, aliyekimbia risasi za kule karibu na Salamabila akafika hapa na watoto wanne na sufuria mbili. Alikuwa amekuja na mfuko wake tayari. Kesho yake asubuhi alitaka kununua mchele kwa gunia, auze kwa glasi.

Mpwa wangu akafungua simu, akaangalia, akanyamaza. Akaangalia tena. Masini ilikuwa imeandika kwamba akina mama wote, bila kumsaza hata mmoja, wamechelewa kulipa kwa wiki saba. Kila mmoja anadaiwa faini ya franga 3,500. Na kwa sheria waliyojiwekea wenyewe, mwenye faini hachukui.

"Wote?" akauliza Mama Prezidanti. "Hata mimi niliyelipa Jumapili ile mbele ya macho yako?"

"Si mimi, Mama," akasema kijana. "Ni masini."

Nieleze kwanza masini yenyewe, maana wengine mtadhani ni mtambo wa kusaga muhogo. Mpwa wangu ana seva nyumbani. Neno lisimtishe mtu. Ni kompyuta ndogo, ordinateri kama tunavyosema hapa, ukubwa wake hauzidi kipande cha sabuni ya kufulia, haina kioo wala vibonye. Ameifunga ukutani juu ya kabati, mbali na maji ya mvua na mikono ya watoto. Inakula umeme wa wati chache tu. Paneli moja ya jua juu ya bati na batri iliyowahi kuwa ya gari vinaitosha, jua likiwapo. Inatoa waifai yake yenyewe, isiyongoja mnara wala kununua mega za intaneti. Mtu akikaa karibu na ukuta wa nyumba anaishika kwa simu. Ndani yake kijana ameweka Wikipedia nzima ya Kifaransa pamoja na picha zake, zaidi ya gigabaiti 30, kwa kutumia Kiwix, programu iliyoanza 2007 kwa ajili ya watu wa namna yetu, wenye hamu ya kusoma na wasio na mtandao. Jioni wanafunzi wa jirani hujipanga kwenye ule ukuta kama mijusi juani.

Nilimsifu, na ninamsifu hata leo. Sisi tuliokaa karibu siku 20 nchi nzima bila intaneti, kuanzia mwisho wa Desemba 2018 tukingoja matokeo ya uchaguzi, tunajua uzito wa kitu kilichomo nyumbani mwako ambacho mtu wa Kinshasa hawezi kukizima kwa amri moja. Wako watakaosema kwamba tangu Mei 2025 intaneti ya setilaiti ya Starlink imepewa ruhusa, mambo hayo yamekwisha. Ruhusa kweli ipo. Ila kati ya ruhusa na bati la nyumba yangu kuna pesa za antena na pesa za kila mwezi, na mimi ni mwalimu mstaafu.

Basi mwezi wa nane akina mama walikuja kwake na shida. Kaye yao, yaani daftari la hesabu, ilikuwa imezaa ugomvi. Katibu wa zamani alikuwa na shemeji ndani ya kikundi, na ilisemekana kwamba faini za shemeji zilikuwa zikiyeyuka kama chumvi kwenye sombe. Wakataka kitu kisichopendelea. "Masini haina shemeji," alisema mmoja wao, na hoja hiyo ilitosha kumaliza kikao. Kijana akanunua mega, akamfungua msaidizi wa akili bandia kwenye simu, akamwandikia kwa Kifaransa: nitengenezee programu ya likelemba, watu 22, kila Jumapili 5,000, anayechelewa alipe faini ya 500 kwa wiki, hesabu ifanyike yenyewe. Chai yangu ilikuwa haijapoa. Ikaja mistari mia tatu na kitu ya kodi, yaani maandishi ya programu, safi, yenye maelezo pembeni, kama kazi ya mwanafunzi wa kwanza darasani. Akainakili kwenye seva. Ikafanya kazi. Mstari hata mmoja hakuusoma, na mimi niliyekuwa nimekaa pale sikumuuliza.

Kilichotokea baadaye ni kichekesho kwa asiyekuwa na pesa ndani yake. Kompyuta ndogo za aina ile mara nyingi hazina kibatri cha saa, kile cha mviringo ambacho kompyuta kubwa huwa nacho tumboni ili izimwe ikiendelea kuhesabu siku. Ikizimika, saa yake husimama. Ikiwaka, huendelea pale ilipolalia, mpaka ipate intaneti iulize huko nje ni saa ngapi. Dar es Salaam au Nairobi usingejua tofauti, maana mtandao upo na inajirekebisha kabla hujakaa kitini. Lakini hapa mvua zilipoanza, jua likawa la kubahatisha, na kijana akawa anaiwasha saa sita tu kwa siku. Mega hakununua tena kwa wiki kumi. Kwa hiyo zilipopita siku 70 za Mungu, masini ilikuwa imeishi siku 17 na nusu. Michango kumi ya Jumapili kumi ikaandikwa kana kwamba ililipwa ndani ya wiki mbili na ushee. Halafu Jumapili ile asubuhi kijana akanunua mega, akaunganisha, masini ikauliza saa, ikaambiwa ukweli. Ikaruka siku zaidi ya 50 kwa mara moja. Ikatazama nyuma, ikaona wiki saba tupu, hakuna mama aliyetoa hata likuta. Ikawapiga faini wote, bila shemeji.

Aliyeandika programu ile alidhani umeme haukatiki. Hakusema hivyo mahali popote. Alidhani tu, kama mtu anavyodhani kwamba kila nyumba ina mlango. Na kuna jambo dogo jingine tuliloligundua baadaye: saa ya programu aliiweka kwenye majira ya Kinshasa, wakati sisi wa Maniema tunakwenda na Lubumbashi, saa moja mbele. Hilo halikudhuru kitu. Lakini lilinichekesha, maana kumbe hata akili bandia ikiambiwa Kongo inaona Kinshasa, kama waheshimiwa wetu.

Niseme haki. Kijana alipomwandikia msaidizi wake kwamba faini zimewapata watu wote, na kwamba hapa kwetu masini huzimwa kila siku, alipata jibu kabla sijamaliza kutafuta miwani yangu: tatizo ni saa ya kifaa. Ilikuwa kweli. Na juu ya hapo, kwa vile safari hii alikuwa ameandika kwa Kiswahili ili Mama Prezidanti asikie, msaidizi akaomba radhi kwa Kiswahili cha kukunjwa na kupigwa pasi: samahani sana kwa usumbufu uliojitokeza.

Ndipo nilipokasirika. Katika ua mzima, aliyeomba msamaha ni masini. Mpwa wangu alikuwa amesimama pembeni, mikono mfukoni, kama mpita njia aliyekuta ajali.

Wanaoandika juu ya Kasongo hupenda kuanza na Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na mali zake. Mimi naanza na babu yangu na kikapu chake. Babu alilima pamba. Hakuichagua. Sheria ya 1917 iliilazimisha, na Maniema yetu ilikuwa kati ya sehemu za kwanza kuionja. Msimu wa kuuza alibeba kikapu kutwa nzima mpaka mahali pa kupimia, na huko alikuta mizani, karani na mnunuzi. Kijijini mzigo ulikuwa wa kuvunja shingo. Kwenye mizani ukawa unyoya. Mtu akinung'unika, karani alikuwa na jibu moja, na babu alikuwa akilirudia kwa sauti ya puani ya yule karani mpaka sisi wajukuu tunagaragara kwa kicheko: "Si mimi, ni kilo. Kilo imesema." Babu alikufa hajui kusoma hata herufi moja. Lakini alimpeleka baba yangu shule ya wamisheni kwa sababu moja tu, na hakuificha. Alitaka nyumbani apatikane mtu wa kuusoma mshale wa mizani.

Sasa miaka mia moja na ushee imepita, na mjukuu wa yule baba amesimama uani akisema kilo imesema.

Najua kuna kijana mahali fulani, Lubumbashi au Bujumbura, anasoma haya na kutabasamu. Mwalimu, ataniambia, umepitwa. Leo hakuna anayesoma kodi yote. Hata huko California wanamwambia msaidizi wanachotaka, wanajaribu, kikifanya kazi wanaendelea. Wewe unapanda pikipiki, je, unajua pistoni yake inavyokwenda?

Mimi sijui. Ila anayenibeba anajua, na hapo ndipo mfano wako unapokugeuka. Toka hapa mpaka Kabambare ni zaidi ya kilomita 100, barabara ya matope na madaraja ya magogo. Dereva wa pikipiki wa njia ile ambaye hawezi kufungua kabureta gizani, akiwa ameuma tochi mdomoni, hana abiria, maana siku moja atalala nao porini. Huyo wa mjini, mwenye gereji kila kona, ana ruhusa ya kutojua. Mwenye seva California amezungukwa na gereji. Hapa kwetu, ukifunga seva ukutani, gereji ni wewe. Kwa hiyo maneno haya ya kwamba siku hizi hakuna haja ya kusoma, yananunuliwa ghali zaidi na yule aliye mbali na fundi.

Na usidhani Wazungu hawajaonja. Uingereza, Posta yao ilianza 1999 kutumia programu ya hesabu iitwayo Horizon, iliyotengenezwa na Fujitsu. Programu ile ikawa inaonyesha pesa zimepungua kwenye vituo vidogo vya posta, pesa ambazo hakuna aliyeziiba. Wasimamizi wa vituo wakaapa, wakalia, wakalipa kutoka mifukoni mwao. Mahakamani sheria ya huko ilichukulia kwamba kompyuta ni nzima mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kufikia 2015 zaidi ya watu 900 walikuwa wamepatikana na hatia. Wako waliofungwa, wako waliojiua. Bunge lao lilifuta nyingi ya hukumu hizo kwa sheria mwezi Mei 2024, baadhi ya waliohukumiwa wakiwa wamekwisha kuzikwa. Na wakati ule hakukuwa na akili bandia, kulikuwa na programu tu, na watu wengi waliovaa tai wakisema: si mimi.

Kilichoniuma zaidi kuliko faini ni hiki. Zamani, kaye ya likelemba ikileta mashaka, mama asiyejua kusoma alimwita mtoto wake wa darasa la tano, mtoto akapitisha kidole mstari kwa mstari, na uwongo ukaonekana. Ule ugomvi wa shemeji ulijulikana kwa njia hiyo, kwa sababu kaye ilisomeka. Mji huu haukujifunza kuandika hesabu jana. Miaka ya 1970 wauguzi wa hapa, pamoja na madaktari wa taasisi ya tiba ya kitropiki ya Antwerp, walifuatilia watoto wa miezi 7 hadi 35, nani amechanjwa surua, nani amebaki hai, na mwaka 1981 hesabu za Kasongo zikachapishwa katika jarida la madaktari la The Lancet. Sasa tumeondoa kaye inayosomwa na mtoto wa darasa la tano, tukaweka kodi inayosomwa na mtu mmoja mtaa mzima, na huyo mmoja naye haisomi. Masini haina shemeji, sawa. Lakini shemeji unaweza kumwita barazani.

Jumapili ile pesa hazikwenda na faini. Mama Prezidanti, ambaye hakumaliza shule, alifunga simu ya kijana kwa kiganja chake na kuuliza: "Nani hapa hajalipa leo?" Kimya. "Nani hakulipa Jumapili ile?" Kimya. Akahesabu noti 110,000 mbele ya wote, akamkabidhi mama wa Kabambare. Huyo mama hakuinuka mara moja. Aliuliza, kwa upole kabisa, huku akimwangalia kijana: "Hii masini iko na akili kupita sisi wote ishirini na mbili?" Kijana hakujibu. Nami sikumsaidia.

Usiku nikamwita. Nikamwambia hatutalala mpaka anisomee programu yake, mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, kwa Kiswahili ambacho marehemu mama yake angekielewa. Alishindwa kwenye mstari wa sita. Tukakesha usiku ule, na wa pili, na wa tatu. Na hapa msaidizi wake alinishangaza, maana alikuwa mwalimu kuliko mimi: kila mstari ulioulizwa aliueleza, ukiulizwa tena aliueleza kwa njia nyingine, hakuchoka, hakugomba. Kitu kile kile kilichomfanya kijana asisome ndicho kilichomfundisha kusoma, tofauti ilikuwa swali tu. Mega zote nilizilipa mimi, na usiku wa tatu niliacha kuzihesabu. Siku ya nne alikuwa ananieleza bila kumwuliza mtu, na akakamata kosa jingine, la mama aliyelipa mara mbili kwa siku moja kuandikwa mara moja.

Dawa ya saa, hata hivyo, haikutoka kwake wala kwa msaidizi. Kijana alikuwa tayari ameagiza kifaa cha saa chenye kibatri, kwa wafanyabiashara wanaopitia Kalemie, nacho bado hakijafika. Mama mmoja muuza mawese alipita asubuhi, akasikiliza habari ya saa iliyolala, akasema: "Lakini kwa nini ihesabu siku? Sisi tunajua ni Jumapili ya ngapi." Basi. Sasa programu haiangalii tarehe. Inauliza: ni Jumapili ya ngapi? Mama Prezidanti anajibu, kijana anaandika. Na kila mwisho wa kikao hesabu inaandikwa upya kwenye kaye kwa kalamu, na kaye inalala kwa Mama Prezidanti. Kaye na masini zikipishana, kaye inashinda. Hilo nililitaka mimi, na sikulifanyia kura.

Yamebaki ya Kabambare. Mwezi wa kumi, kabla ya haya yote, kijana alikuwa ameinakili programu kwenye flashi akampa dereva wa pikipiki, ikafika kwa rafiki yake kule, mwenye kompyuta kuukuu ambayo batri yake ya saa ilikufa zamani. Rafiki anaitumia kwa kikundi cha mama wauza samaki wa kukaushwa na kingine cha vijana wanaochuja dhahabu. Kosa lilisafiri kwa pikipiki, ndani ya mfuko wa suruali, na huko hakuna anayejua kwamba ni kosa. Simu ya rafiki haipatikani. Kijana alitaka kupeleka marekebisho kwa flashi ile ile, kwa dereva yule yule. Nikamwambia hapana, uende wewe. Alininunia siku nzima.

Alhamisi alfajiri akaondoka. Mkobani alikuwa na flashi, kaye mbili mpya, na kifurushi ambacho yule mama wa Kabambare alimtuma ampelekee dada yake aliyebaki kule. Pikipiki ikiwa imewashwa nilimuuliza atawaambiaje watu ambao labda wamekwisha kupigana kwa ajili ya faini za uwongo. Alifikiri, huku akifunga kamba ya mkoba.

"Nitaanza na jina langu, mjomba."

Tangu adhuhuri ya siku ile simu yake nayo haipatikani, na usiku kucha mvua ilikuwa ikinguruma upande wa mashariki.